Firigisi ya Bata Mzinga

Mama Mshauri, wiki mbili sasa chakula hakipiti kooni, naomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Mimi ni Nyakio, Mkikuyu, na mchumba wangu ni Shitanda, Mluhya wa Kakamega, kijana mzuri sana, sasa baba yake, Mzee Nicanor, alikuja kuniangalia kabla ya kukubali kwenda kwa wazazi wangu kuleta posa, nami nikataka aone kwamba jikoni najua, nikanunua bata mzinga mzima huko mtaa wa Pioneer, nikampika na maharagwe vile nilifundishwa na mama Mzungu niliyemfanyia kazi zamani, yaani unaloweka maharagwe siku moja mbele, unakaanga vitunguu na nyanya, unatia nyama, unaacha mchuzi uive polepole mpaka uwe mzito, halafu unaandaa na divai nyekundu kwa sababu nyama hiyo ni kavu kidogo na divai inaiteremsha, na kweli Mzee alisifu, akaongeza sahani, akaongeza glasi, nikasema leo nimepita, mara akaanza kugeuzageuza mchuzi na kijiko, akauliza, "Mama, firigisi iko wapi?" nami nikajibu kwa furaha, "Baba, nimeikatakata, iko humo humo kwa maharagwe," na Shitanda, aliyekuwa jikoni akifungua chupa wakati naikata, akainamisha kichwa, Mzee akaweka kijiko chini, akasema, "Haya," akanawa mikono, akaenda, na posa hakuitaja hata kidogo.

Ndio baadaye Shitanda ananiambia kwao firigisi ni ya mwenye boma, haiguswi! Sasa jana Mzee ametuma ujumbe: "Jumamosi nakuja tena. Nunueni bata mwingine, asichinjwe kabla sijafika. Na ile chupa iwepo." Mama, anakuja kunitia aibu? Nitorokee kwetu Kesses? Nampenda Shitanda, sitaki kumkosa kwa sababu ya firigisi.

Nyakio, mtaa wa West Indies, Eldoret

*

Nyakio mwanangu, shusha pumzi, na kama umeshapanga nguo zako kwa sanduku, zitoe. Mzee aliyekukataa angenyamaza huko Kakamega mpaka uchoke kungoja. Huyu ametaja siku, ametaja nyama, ametaja hata chupa! Kukataliwa gani huko? Anataka bata asichinjwe kabla hajafika ili aione firigisi yake kwa macho, isimpotee tena kwa maharagwe. Ni hivyo tu.

Lakini nikugombeze kidogo. Unaolewa na watu bila kuuliza wanakula namna gani? Siku zote za uchumba mlikuwa mnaongea nini? Na wewe Shitanda, najua unasoma hapa. Umesimama na chupa yako, unaona kisu kikipita kwa firigisi ya baba yako, unanyamaza! Halafu msichana wa watu ndiye anakosa kula wiki mbili. Aibu ni yako, si yake.

Sasa sikilizeni. Jumamosi Shitanda ndiye atachinja, Mzee akiwa ameketi hapo hapo. Maharagwe uyaloweke Ijumaa, na uyachemshe asubuhi mapema mgeni asije akangoja. Firigisi uisafishe vizuri uichemshe nzima, peke yake, kwa chumvi tu, na usiharakishe, maana ya bata mzinga ni kubwa na ngumu. Mnawishe Mzee mikono, umwekee kisahani chake kabla ya kitu kingine chochote, useme, "Baba, unisamehe ya siku ile. Hii ni yako." Usijieleze, usilie. Divai ni glasi mbili, asije akasahau kilichomleta.

Habari ya posa usiulize kabisa. Huyo mzee aliondoka kwako bila haki yake, na bado anarudi. Andikia mama yako leo, mwambie aanze kupaka nyumba chokaa.