Kikapu cha Mama Kilichopanda Ndege

Zombo, Kilosa

Salehe, mjukuu wangu, mume wangu,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Hapa sote wazima. Shangazi yako amejifungua wa kike.

Unauliza kwa nini ndege ilikutoza kama mzigo mzito ilhali sanduku lilikuwa jepesi. Hilo nililisikia nikiwa msichana, enzi za Ujamaa. Nesi mgeni aliyemzalisha mama yangu alikuwa amerudi kwao Ulaya. Mama akamsukia kikapu kikubwa cha ukindu, tukapanda treni hadi Dar es Salaam, tukakipeleka uwanja wa ndege kitumwe kwake.

Karani akakipima kwenye mizani, kisha akakizungushia futi. "Mama, chepesi lakini kinakula nafasi, na ndege inatoza nafasi. Hata ukitia nguo ndani, malipo ni yaleyale."

Kwetu chombo hakipelekwi kitupu, na jambo hilo lilikuwa limemsumbua Mama njia nzima. Akavua kanga ya mabegani, akaikunja, akaitia ndani. Alirudi Kilosa bila kujitanda, anatabasamu.

Sanduku lako limefika kutoka huko Oman. Dawa zangu zilikuwa katikati, kwingine kote umejaza magazeti. Safari nyingine toa magazeti, weka shati lako.

Usilifue.

Bibi yako,
Mwanahawa