Zakayo, Dirisha

Kwako Mwalimu, mke wangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Nimeifikiria hali yako, nikaona nisikusumbue kwa swali ambalo jibu lake limelala nyuma ya nyumba miaka saba, na mawe juu yake. Mimi nipo. Mashine ipo. Alizeti mwaka huu imezaa, na upepo ni ule ule, unaolileta vumbi la Ulemo nzima ndani ya chai yangu. Elina ana miaka minane. Yuko darasa la pili, kwenye chumba kile chako.

Hicho chumba ndicho kilichonikalisha na kalamu. Nimeisema shule yako vibaya mbele ya wageni, na kabla hujayasikia kwa watu nataka uyasikie kwangu.

Unakumbuka siku uliyoleta ndoo yako ya alizeti ukanikuta nimeegemeza sikio kwenye mashine ya kukamulia, kama daktari? Ukauliza, "Fundi, inakwambia nini?" Nikasema inalalamika, beringi ya kushoto imekwisha. Ukacheka. Nilipoifungua ikatoka vipande vipande, ukaacha kucheka. Wiki iliyofuata ulikuja bila ndoo. "Njoo ulisikilize darasa langu." Nikasimama nje ya ukuta, mikono ina mafuta, mimi niliyeishia darasa la nne na mengine nikayaokota kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi. Ulipotoka nikakwambia, "Mbele wanasoma. Nyuma, upande wa mlangoni, wanafungua midomo tu." Ukarudi ndani, ukawapima mmoja mmoja, ikawa kweli. Nadhani ndiyo siku uliyonikubali, ingawa ulinizungusha mpaka mavuno.

Na ulikuwa ukisema, "Shule usiipime kwa bati wala rangi, Fundi. Msikilize aliyekaa nyuma." Neno hilo ndilo lililoniponza.

Mwaka huu wazazi wamenichagua kamati ya shule. Sababu waliyoitoa ni kwamba nina akili. Sababu ya kweli ni kwamba sikuhudhuria kikao. Katika kikao cha kwanza Mwalimu Mkuu, yule yule wa wakati wako, ila sasa mvi zimemfika kwenye nyusi, alitutangazia kuwa wadhibiti ubora wa shule watakuja kabla ya likizo. Akataja aibu zetu bila kujificha: vyoo, madawati, yeye mwenyewe kushika madarasa matatu kwa mkupuo. "Lakini," akasema, akainua kidole, "tuna darasa la pili. Safari iliyopita walituandikia kwamba darasa la pili linasoma vizuri sana. Hao ndio watakaotuokoa." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu. Si mwanangu yumo?

Jioni ile nikampa Elina Biblia yako. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mashudu, miguu inaning'inia. "Hebu nisomee."

Akavuta pumzi, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. "Bibi ana kuku. Kuku wa bibi ni mwekundu."

Kitabu cha Mwanzo, kwa mujibu wa binti yako, kinaanza na kuku. Nikadhani ananitania. Nikampa kalenda ya ukutani. "Bibi ana kuku." Nikampa pakiti ya mbegu. "Bibi ana kuku." Na kidole kinatembea vizuri, kinafika mwisho wa mstari, kinashuka, kinaanza tena. Ungemwona ungempa vema.

"Kuku amekwenda mtoni," akaendelea. Halafu akakohoa. Mara mbili, kavu, na katikati yake kile kivuto kidogo cha pumzi kama mtu anayetaka kusema samahani.

Nilishika mlango, Mwalimu. Mtoto hakuwa na mafua.

"Zakayo, dirisha," akasema kwa sauti ile ile ya kusoma. "Mtoni hakuna maji."

Elina alikuwa na miezi kumi na mmoja tulipokuzika. Kikohozi kile hawezi kukikumbuka. Mimi nakijua, nimelala kando yake kipupwe kizima.

Nikamuuliza polepole, "Zakayo ni nani, mama?"

"Ni anayekaa dirishani, baba. Wiki hii ni mimi."

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, nilikwenda kusimama kwenye ukuta ule ule. Hakukuwa na mwalimu ndani. Kulikuwa na watoto wamekaa wima, wanakitazama kitabu kimoja kilichoegemezwa ubaoni, kile chako chenye jalada la gunia, na wanasoma. Haikuwa sauti yao. Ilikuwa yako, imekatwakatwa wakagawana, kila mtoto kashika kipande chake. Wanapanda kwenye "mwekundu" ulipokuwa ukipanda. Wanashuka mwisho wa mstari kwa ule uchovu wako wa muhula wa mwisho, watoto wenye meno ya maziwa. Wakafika mtoni. Darasa zima likakohoa mara mbili.

"Zakayo, dirisha."

Elina akasimama. Akanyoosha mkono nje, akavuta, akapachika ndoano, akakaa. Dirisha lile halina ubao tangu mwaka uliotuacha. Ni tundu tu. Alivuta hewa, Mwalimu, akaifunga hewa na ndoano ya hewa, na hakuna aliyecheka. Kadogo kamoja ka mbele, kalichokuwa kamekunja mabega kwa baridi, kakayalegeza, kama kwamba upepo umekoma kweli.

Zakayo mwenyewe, yule aliyeingia darasa lako la pili akiwa na miaka kumi na mitatu, ana masharubu sasa, ana mke, anaendesha bodaboda. Nilimsimamisha njiani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Zakayo, shuleni unapitaga?"

Akatazama kando. "Zamani. Siku moja nilipita nikaitwa na darasa zima. Nikaongeza mafuta, Fundi. Abiria ananiambia, wanakuita. Nikamwambia, shuka basi ukawasikilize."

"Alikuwa anakukemea sana?"

"Hakuwa anakemea. Nilikuwa nakaa dirishani na yeye upepo unamuumiza kifua." Akaikanyaga gia. "Mimi nilikuwa nasahau."

Nilimwendea Mwalimu Mkuu, naye hakunificha. Ulipolala kitandani hakuletwa mtu. Kiranja wako akasimama mbele akawafundisha wenzake kama alivyokusikia, maana kitabu kilikuwa kimoja na hata wewe uliwasomea, wao wakafuatisha. Mwaka ukapinduka, wale wakawafundisha waliokuja. Na waliokuja wakawafundisha waliokuja. Hakuna aliyejua lipi ni la kitabu na lipi ni la kifua chako. Wakalichukua lote, kwa heshima.

"Darasa linalotulia na kusoma lenyewe," akaniambia, "nina madarasa mengine mawili yanaungua. Ningelizima kwa nini, Fundi?"

Na sasa nikuambie nililolifanya, ambalo sijamwambia mtu. Wiki mbili sikusema kitu. Kila siku nilikwenda pale ukutani. Nilibeba futi nikajifanya napima madawati, na kamati ikasema haijapata mjumbe mchapakazi kama mimi. Nilikuwa nakuja kukusikiliza. Miaka saba nyumba yangu ina mlio wa mashine tu, kumbe wewe upo, saa nne kamili, siku tano za wiki, bure. Nikajiambia wadhibiti watasikia, watafurahi, wataandika vizuri, na mambo yatabaki. Shule ngapi zina mwalimu asiyekosa hata siku moja?

Kilichonivunja ni kopo. Nilikuwa napika mlenda, nikamwambia Elina aniletee chumvi kabatini. Akaniletea kopo la dawa ya kuhifadhia mbegu. Nilikuwa nimeliweka pale mwenyewe, kosa ni langu. Lina neno SUMU kwa herufi nyekundu, kubwa kama vidole.

"Elina. Hapa pameandikwaje?"

Akaweka kidole chini ya neno. Akanitazama kwa uhakika wote wa mtoto anayepewaga vema.

"Bibi ana kuku."

Wageni walikuja wawili, mama mmoja mtu mzima na kijana mwenye faili. Sisi wa kamati tukapangwa kwenye benchi la nyuma tukiwa tumevaa makoti. Watoto wakasoma. Mama yule akawa anatikisa kichwa kwa raha, anaandika. Walipokohoa akageuka. "Wana mafua?"

"Vumbi, mama," akasema Mwalimu Mkuu.

"Zakayo, dirisha." Elina akasimama, akafunga, akakaa. Yule kijana alimwona. Kalamu yake ikasimama hewani. Akalitazama tundu, akamtazama mtoto, kisha akainamia faili lake kama mtu aliyeamua kwamba hilo halimo kwenye fomu.

"Hongereni sana," akasema mama. "Kamati mna neno?"

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusema hatuna. Nikasimama. Nikaenda mbele, nikachukua chaki, nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu wa kuokoteza: ELINA ANA BABA. Nikawaambia, someni.

Wakavuta pumzi. "Bibi ana kuku."

Hapo ningewakatisha. Ilikuwa imetosha, mama alikuwa ameshaiacha kalamu. Sikuwakatisha. Niliwaacha waende mpaka mtoni, nikasimama nimeupa ubao mgongo, nikakusikia unakohoa mara mbili, na nikajua ndiyo ya mwisho na mimi ndiye ninayekuzima.

Mama yule akaja ubaoni, akafuta, akaandika silabi moja tu: ba. "Hii ni nini, wanangu?"

Darasa lisilonyamaza miaka saba likanyamaza. Upepo ukaingia kwa dirisha ambalo hakuna aliyelifunga.

Taarifa iliyotoka sitakusomea. Mwenyekiti alinikuta kwenye mashine akaniambia, "Fundi, umetuvua nguo mbele ya wageni." Nikamjibu kwamba nguo yenyewe ilikuwa ya kuchora mwilini. Hakunisalimia tena mpaka alizeti yake ilipokauka, maana mashine ni yangu peke yangu hapa. Siku ya tisa Mwalimu Mkuu akaja akaniomba nimtengenezee ubao wa dirisha. Nikaukata kwenye meza kuukuu, nikaupachika na ndoano ya kweli. Akaniambia sasa kila asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, anaanza na darasa la pili yeye mwenyewe. Ba, be, bi. Kile kitabu amekifungia kabatini.

Elina alilia. "Sasa Zakayo atakuwa anafanya nini, baba?" Nikamwambia atapumzika. Kisha nikaenda kuangalia mashine iliyokuwa haina tatizo lolote.

Saa nne sikupita tena kule. Nilihisi kama nimekuzika mara ya pili, na safari hii hakuna hata mtu aliyekuja kunipa pole, ila kunilaumu. Niliwaza kwamba ningekuuliza kwanza. Ningekuuliza wapi?

Ile kanga uliyofungia vitu vyako vya kazi sikuwa nimeifungua tangu tulipokuzika. Jumapili iliyopita niliifungua. Ndani yake kuna chaki tatu na daftari lako la maandalio ya masomo. Nikapeleka macho kwenye ukurasa wa mwisho, macho yakagoma. Unajua tena, kuna vitu fundi hafungui peke yake. Nikamwita Elina, aliyekuwa na miezi mitatu ya ba, be, bi.

"Soma hapa. Mwandiko wa mama yako."

Hakuvuta pumzi kama zamani. Aliinama, pua inakaribia karatasi. Somo, akalipata. Darasa, akalipata. Akashuka hadi chini kwenye tathmini, ambako unaandika somo limekwendaje. Chai yangu ilipoa.

"Wa... wa-na... wanaka... wanakariri." Akafuta jasho. "Ha-wa-so-mi. Hawasomi. Ke-sho. Ni... ni-a-nze. Nianze. U-pya."

Akanitazama apate vema. Mimi nilikuwa natazama tarehe. Ni siku uliyorudi nyumbani mapema, ukasema utajilaza kidogo.

Kumbe ulisikia kabla yangu. Ulisimama mbele yao unakohoa, na bado ukawasikiliza wa nyuma, ukajua. Kesho yako imechukua miaka saba, Mwalimu, na imeanzishwa na mtu wa darasa la nne, lakini imeanza.

Leo nimepita shuleni, saa nne. Wanasoma kila mmoja na lake, huyu yuko mstari wa kwanza, yule wa tatu, kuna mmoja amekwama kwenye neno analipiga kama msumari. Mlio wake ni mbaya, kama mashine iliyoingia mchanga. Nikaegemea ukuta nikasikiliza mpaka nyuma, upande wa mlangoni. Wanasoma.

Nikiwa naondoka, katikati ya ile fujo, nikasikia kikohozi. Kimoja tu, kavu. Halafu ndoano ya dirisha ikalia, tik, imepachikwa.

Sikuchungulia. Kama ni mtoto mwenye mafua, apone. Kama ni wewe, kagua taratibu, na uandike vizuri.

Ulale salama. Dirisha limefungwa.

Mumeo,
Baba Elina