Sweta la Yustina Halina Mikono

Jumapili, Ngara. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya mlima hadi watu wakatoka misa ya kwanza, kisha jua likawaka, na jioni hii baridi imerudi. Nimejifungia chumbani.

Leo nimemfanyia mdogo wangu ubaya. Sikughafilika. Niliufuma kitanzi kwa kitanzi.

Yustina ana saluni karibu na stendi. Yeye ndiye anayenunua sukari, sabuni na dawa za presha za mama. Mimi nina shahada, na tangu niipate niko hapa nyumbani nasubiri ajira. Mkono wake wa kulia, kuanzia begani hadi karibu na kiganja, una kovu la uji wa moto uliommwagikia akiwa mtoto. Hajawahi kuvaa mikono mifupi mbele ya watu. Hata saa nane mchana, jua likiwa kali, anasuka nywele akiwa amejifunika, na wateja wanadhani ni ulokole.

Aliponiomba nimfumie sweta alichagua rangi mwenyewe, damu ya mzee na rangi ya maziwa. Tulinunua masweta mawili ya mtumba sokoni, nikayafumua, nikaosha nyuzi na kuzianika.

"Mikono mirefu, dada. Unajua."

Nilijua.

Wiki hiyohiyo nilimpelekea chakula saluni. Kabla sijaingia nikasikia mteja akimuuliza siku hizi nafanya nini. "Dada yangu? Ana digrii ya kuwasha jiko," akasema, wakacheka. Nilingoja wamalize kucheka, ndipo nikaingia na hotpoti.

Ufumaji niliouchagua unataka subira. Katika kila mstari unashika uzi wa rangi moja tu. Vitanzi vya rangi ya pili huvifumi, unavihamisha tu kutoka sindano hii kwenda ile, vikae vikingoja zamu yao, na marabaraba yanajitokeza yenyewe. Ukikaza uzi unaopita nyuma yake, kitambaa kinajikunja kama ngozi iliyoungua. Niliwaza hivyo, kwa maneno hayohayo, na sikuacha kufuma. Wala sikukaza. Nilitaka liwe zuri kiasi kwamba asipate sababu ya kulikataa.

Nilipofika mabegani nikafunga vitanzi. Nyuzi za mikono zilitosha. Ziko chini ya kitanda changu.

Leo shangazi wawili wa mchumba wake walitoka Biharamulo kuja kumwona. Mchumba anajua habari ya mkono. Wao hawakujua. Yustina alikuwa amemwomba awaambie taratibu, wakati ukifika. Niliwaacha wale chakula, wanywe soda, waanze kumsifu mwenyeji wao kwa ukarimu. Ndipo nikaleta mfuko wenye sweta.

Mama alipoyaona mabega yale akainua macho kunitazama, kisha akayashusha.

Yustina akalivaa juu ya blauzi, akageuka huku na huku, akanishukuru. Ningeweza kuishia hapo. Ila shangazi mkubwa alikuwa tayari amelishika pindo, anayatazama marabaraba kwa karibu.

"Juu ya blauzi halionekani, mwanangu. Kaitoe tukuone vizuri. Si tuko wanawake peke yetu?"

"Naona baridi, shangazi."

"Baridi gani na jua hili?" akasema shangazi mdogo. "Au kuna mimba unatuficha huko ndani?"

Wakacheka wote wawili. Yustina akanitazama. Alikuwa ananiomba neno moja tu, lolote.

"Kweli," nikasema, "halikufumwa livaliwe juu ya blauzi."

Akaingia chumbani, akakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kuvua blauzi. Alipotoka mikono ilikuwa wazi, imeshuka pembeni. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba lilimkaa vizuri.

Shangazi mkubwa akasema pole. Shangazi mdogo akaitua chupa ya soda na hakuigusa tena. Hakuna aliyeuliza, kwa hiyo Yustina akasema mwenyewe, "Ni uji, nilikuwa mtoto," akaketi, akawaongezea ndizi. Hawakuzimaliza. Walikumbuka kwamba wana basi la kuwahi. Walipokuwa wakiaga walimwambia mama, "Tutaongea nyumbani." Mama ameozesha watoto wa ndugu zake. Anajua maneno hayo yana maana gani.

Nilidhani nitafurahi.

Nilifurahi. Niandike ukweli. Wakati tunawasindikiza hadi barabarani, furaha ilikuwa imenijaa kifuani, na nilitembea kwa adabu, mikono nimeifumbata. Ilipotulia sikubaki na kitu.

Mchumba alipiga simu kabla jua halijazama. Yustina alikuwa uani anaosha glasi, akampa mama habari bila kuacha kazi. Shangazi wanasema kama tumeficha mkono, nani ajuaye tumeficha nini kingine. Baba wa kijana ameagiza mambo yasimame. Kijana amelia kwenye simu, na amesema hawezi kumpinga baba yake.

Mama akamwambia aingie ndani avae kitu, upepo umeanza. Hakuvaa. Alikuwa bado na sweta langu, maji ya sabuni yanamchuruzika juu ya kovu hadi kwenye kiwiko.

Nikainama nimsaidie kusuuza. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata majibu ninayo.

Akaipokea glasi mkononi mwangu, akaifuta.

"Umefuma vizuri, dada. Kesho nalivaa saluni. Keshokutwa pia, hadi lichakae. Wakiniuliza nani kanifumia, nitawaambia ni wewe."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepanga kazi zake za wiki.

Wataliulizia, najua. Ni zuri. Wengine watakuja hapa nyumbani wakitaka niwafumie la namna hiyo, na mama atawakaribisha, na mimi nitawapima mabega.

Basi nayaandika haya leo, waziwazi, ili atakayelisifu sweta hili ajue anasifu nini.