Msuli Usiopumzika

Mwenzangu, baba. Baba!

Kifua kilimbana uwanjani akiwanoa vijana wake wa mpira. Akadhani ni msuli umekaza tu. Si unamjua? Mguu ukikaza anakwambia, "Kimbia, utaachia." Basi akakimbia. Kifua kinambana vile, akakimbia!

Sasa hivi tumetoka kwa daktari wa moyo. Katuonyesha kwenye skrini: msuli wa moyo unabana na kuachia, unabana na kuachia, ila upande mmoja umetulia tuli. Ulikosa damu, ukafa, wala hautaota tena.

Mama akasema, "Si ni msuli? Upumzishwe basi, kama mguu."

Daktari akamjibu, "Mama, huu haupumziki. Ukipumzika, ndiyo basi tena."

Ndiyo basi tena! Mbele ya baba!

Baba akacheka. "Kwa hiyo huyu hana mchezaji wa akiba?"

"Hana, mzee."

Baba akavua filimbi yake, ile aliyoivaa hata kwenye harusi yangu, akamvisha mama.

Nakuandikia tukiwa kwenye gari. Baba amesinzia, mama kamwekea kiganja kifuani. Kila nikifungua mdomo ananiambia, "Nyamaza, nasikiliza."