Sauti ya Dada Yako Kwenye Deki

Muscat,
Ijumaa baada ya swala.

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na kabla ya lolote nataka kujua goti lako linaendeleaje tangu Kaka Rajabu alipokupeleka hospitali kule Kibaha. Unaweza kuinama sasa, au mihogo bado anapalilia Shangazi? Nasikia mvua zimeanza na barabara ya Maneromango imeshakuwa tope. Huku kwetu ni jua tu, na hilo jua ndilo linalonipa kazi, maana kiyoyozi kikizima watu wa huku hawakai ndani hata kidogo. Nashinda juu ya mapaa nafungua mashine na kuzifunga. Mwili una nguvu, na tajiri wangu mpya ni mtu anayesikiliza fundi wake.

Habari kubwa ni ya dada yako. Upasuaji wa koo umekwisha salama. Madaktari wameutoa uvimbe wote, na tangu mwanzo walituambia wazi kwamba ukitoka, sauti nayo itakwenda. Kweli imekwenda. Lakini Mama Mkubwa Tatu anakunywa uji mwenyewe, anatembea mpaka barazani, na akiudhika anamgombeza Salha binti yake kwa mikono, na Salha anaelewa kila neno. Kwa hiyo usimlilie, Mama. Yupo.

Sasa nikueleze kuhusu sidii ulizozikuta ndani ya bahasha hii, kwa sababu najua ile ya kwanza ilikuumiza.

Unakumbuka uliniagiza nimuulize kama bado anakumbuka jinsi marehemu Bibi alivyokuwa akiwaita mrudi nyumbani kutoka shambani, mlipokuwa watoto kule Msimbu. Nilimuuliza siku chache kabla hajalazwa. Akacheka, akasema, "Hawa mdogo wangu anafikiri nimeshakuwa Mwarabu?" Nikatoa simu nimrekodi. Akaniambia ningoje, akatengeneza mtandio, akauliza kama uso unaonekana. Kisha akaongea na wewe kama vile umeketi mbele yake. Ameongea habari za mikorosho, za kisima, za siku mliyokimbizwa na nyuki. Mwisho akainua kichwa, akaita kama Bibi, majina yenu yote mawili kwa pumzi moja, akilivuta la mwisho. Salha alikuwa jikoni, akaja mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Hakuwahi kumsikia mama yake akipaza sauti namna ile.

Hicho ndicho nilichotaka ukione na ukisikie. Lakini mambo yaliyorekodiwa kwa simu yamefungwa kwa namna ambayo deki yako haijui kuyafungua. Lazima kwanza yapite kwenye kompyuta, kwa programu ya kuyageuza yawe kama filamu za kawaida za sidii, ndipo uyachome, yaani uyaandike kwenye sidii. Programu za namna hiyo ni nyingi, na kila moja inajisifu. Nilichukua ya kwanza niliyoiona. Sidii ikacheza vizuri kwenye kompyuta yangu, nikampa mtu aliyekuwa anasafiri, Kaka Rajabu akaipokea na kukuletea. Halafu ukanipigia.

"Idi, namwona dada yangu anafungua mdomo. Simsikii."

"Ongeza sauti, Mama."

"Nimeongeza mpaka mwisho. Filamu nyingine zinasikika. Yeye hasikiki."

Siku ile nilikuwa juu ya paa la watu, na nilishindwa kuendelea na kazi. Dada yako alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji. Hakukuwa na kumwambia arudie. Sauti ile ilikuwa imebaki ndani ya simu yangu tu, na wewe ulikuwa unamtazama mtu aliye bubu kabla ya wakati wake.

Kaka Rajabu alinishauri nimtumie yeye kwenye simu yake, akija kukusalimia kutoka Kibaha akuonyeshe. Ulivyomjibu aliniambia: hutaki dada yako akae kiganjani halafu arudi mfukoni mwa Rajabu. Nilicheka, lakini nilikuelewa. Unataka awe sebuleni kwako, kwenye tivii, umwite unapotaka. Basi nikaamua kazi hii niifanye kama ninavyofanya kazi ya mashine, nisiifunge mpaka nimeijaribu.

Kitu cha kwanza nilitafuta deki ya zamani kama yako, isiyo na tundu la flashi. Sikwenda mbali. Marehemu mume wa Mama Mkubwa aliacha moja, ilikuwa stoo imefunikwa na mapazia. Nikaifuta vumbi, nikaiunga kwenye tivii yao. Nikapata pa kujaribia.

Programu niliyoanza nayo safari hii ilikuwa ya bure. Ilitoa sauti safi, lakini ilibandika jina lake katikati ya picha, juu ya uso wa dada yako kabisa. Salha akatazama akasema, "Huyu si mama, hili ni tangazo." Nikaiondoa. Iliyofuata ilikuwa na mbwembwe nyingi, maua na muziki wa kuanzia, na ilimaliza kazi kabla chai haijapoa. Picha nzuri, jina halipo. Ila sauti ilichelewa nyuma ya midomo. Mwanzoni huoni sana, lakini kadiri anavyoendelea kuongea pengo linakua. Alipofika pale pa kuita, mdomo ulikuwa umeshafungwa ndipo sauti ikatoka.

Salha akaniambia, "Si anasikika, Idi? Mama mdogo atafurahi tu."

"Atafurahi," nikamwambia, "lakini atakuwa anatazama mtu mwingine akimsemea mama yako."

Akasema, "Basi tafuta nyingine."

Niliyoichagua mwisho haina urembo wowote. Ni ya polepole, unaiacha inageuza huku unafanya shughuli nyingine. Lakini inauliza maswali ya maana. Iliniuliza sidii itachezwa nchi gani, maana tivii za kwetu na za Marekani hazisomi mtindo mmoja. Ilinikubalia kugeuza kipande kifupi kwanza, nikachagua kile cha kuita, ili nikipime kwenye deki kabla ya kumaliza yote. Na ilinikubalia kuondoa ule ukurasa wa mwanzo wa kuchagua, kwa sababu najua rimoti yako vitufe vya kusogea vimekufa. Ukiiweka sidii itaanza yenyewe. Pembeni utaona weusi huku na huku, usihangaike nao, ni kwa sababu nilishika simu wima. Ningeweza kuivuta picha ijae tivii, lakini dada yako angekuwa na mashavu ya mtu mwingine.

Nilipomaliza niliichoma kwa mwendo mdogo, kwenye sidii ya kuandikwa mara moja, kwa kuwa deki za zamani huzisoma hizo kwa urahisi zaidi. Nikaiweka. Mama Mkubwa alikuwa amelala chumbani, mlango uko wazi. Sikumwambia chochote, nilitaka nihakikishe kwanza. Maongezi yakaenda, midomo na sauti pamoja, mpaka kisima, mpaka nyuki. Ikafika pale. Akaita.

Nikasikia kandambili. Alikuwa amesimama mlangoni ameshika ukuta, anajitazama. Salha akataka kuzima, akidhani itamtia uchungu. Dada yako akamzuia kwa mkono, akaja akaketi mbele ya tivii na kunionyesha kwa kidole: rudisha. Nikarudisha. Akajisikiliza tena, ameweka kiganja kwenye bandeji ya shingo. Hakulia. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo, kama fundi anayekagua kazi na kuikubali. Kisha akaomba simu ya Salha, akaandika jambo, akanipa nisome. Nitakuambia hapo chini.

Kwa hiyo sidii hii iweke bila wasiwasi. Nimekutilia mbili zinazofanana. Moja ukae nayo, nyingine Kaka Rajabu akutunzie Kibaha.

Nisalimie Shangazi, umwambie mtandio alioagiza utakuja na mgeni mwingine. Msalimie Kaka Rajabu na shemeji yangu mkewe, nawashukuru kwa kukupitia kila wanapopata nafasi. Msalimie mwalimu wangu wa madrasa, na jirani yetu anayekuchajia simu sola yako inapokosa jua. Salha anakuamkia, shikamoo.

Na haya ndiyo aliyoandika dada yako, kama yalivyo: "Hawa alikuwa haitiki mpaka aitwe mara ya pili. Mwambie safari hii aitike." Rajabu atakuja na simu yake akurekodi, Jumapili ya kwanza baada ya barua hii kukufikia. Keti nje penye mwanga, vaa ile kanga yako ya bluu, uitikie kama mlivyokuwa mkiitikia Msimbu. Deki ya huku nimeiacha imeungwa, na Mama Mkubwa hataki mtu aiguse.

Mwanao anayekupenda,
Idi