Raketi Iliyofukizwa Udi

Timbwani, Likoni
Jumanne, baada ya alasiri

Kwa kakangu mpenzi Mujahid,

Assalaam alaykum. Nakuamkia, kaka, na natumai joto la Maskati limeanza kupungua na ule mgongo wako unakuruhusu kusimama dukani bila kujishika kiuno kama mja mzito. Mama hajambo. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula chakula cha watu au bado unalala na chai na mkate. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haitulii. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara mbili kwenda kufunga mfereji ambao haukuwa wazi.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu, kaka, unanijibu kabla sijafika nusu ya maneno yangu. Karatasi huwezi kuikatiza. Abdulghani anarudi huko kesho kutwa kwa biashara yake ya manukato, na ameniahidi kukupa mkononi. Wiki ijayo akija Mombasa nitakuwa na haja naye tena, nitakueleza mbele. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Habari ya Jumamosi unayo. Palichezwa mchezo katika ukumbi wetu wa Shika Adabu kuamua nani atachukua nafasi ya mwisho ya wanawake kwenye timu ya tenisi ya meza inayokwenda Nairobi kwa mashindano ya taifa. Tulikuwa tumebaki wawili, mimi na Josephine wa Utange, yule mrefu ambaye akiupiga mpira hata wanaopita nje hugeuza shingo. Unajua nilivyoitaka nafasi hiyo. Mwaka jana niliikosa, mwaka juzi niliikosa, na mara zote mbili nililia ndani ya kivuko nikirudi kutoka mjini mpaka mama wa watu akanipa kitambaa. Safari hii nilishinda, nawe ukapiga simu ukipiga vigelegele kama mwanamke, ukisema ile raketi uliyonitumia imefanya kazi yake.

Haikufanya, kaka. Ilifanya kazi nyingine kabisa.

Ulinitumia raketi ya mshambuliaji: ubao wenye kaboni ndani, raba zinazonata pande zote mbili, na chini yake sponji nene. Ni raketi ya bei na ni nzuri, sikatai. Lakini kwangu mpira ulikuwa unaruka kabla mimi sijaamua uende wapi. Nikiugusa tu, umeshapita meza. Miezi yote hii ulikuwa ukiniambia nipige zaidi, nisogee mbele, nisiogope, nami nikakuitikia naam kaka, naam kaka, nikaendelea kuokota mipira ukutani.

Sasa Ijumaa, mkesha wa mchezo, Mama aliamua kunitayarishia nguo zangu za kuchezea. Unamjua. Kwake yeye mtu haendi kwenye jambo kubwa akinuka sabuni ya kufulia. Alipindua lile tenga lake juu ya chetezo, akatandaza fulana na suruali yangu, akatia udi wa Abdulghani, ule wenye mafuta mengi. Kisha, kwa mapenzi yake, akaitoa raketi mkobani akailaza juu ya tenga, upande mwekundu chini, nayo ipate kheri. Akaenda kuswali, akakutana na jirani mlangoni, na mazungumzo ya Mama na jirani yake huna haja nikuhadithie.

Niliitoa ukumbini Jumamosi wakati wa kupasha mwili. Kwanza harufu. Josephine aliichukua kuikagua, kama ilivyo haki ya kila mpinzani, akainusa, akaniuliza kama raketi yangu imeolewa. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipopitisha kidole upande mwekundu kicheko kikanikauka. Raba ilikuwa laini, inateleza, haishiki kitu. Moshi na moto vilikuwa vimeimaliza. Na sheria kila mchezaji anaijua: raba huchezewa kama ilivyotoka kiwandani. Ukiipaka mafuta, ukiichoma, ukiitia dawa, hiyo si halali tena. Mwenye kusimamia mchezo aliita majina yetu, nikaingia. Nilijiambia kwamba hata hivyo nitashindwa tu, kwa hiyo hakuna atakayedhulumiwa.

Wallahi, kaka, sijui nikuelezeje yaliyofuata. Josephine alianza na ile mipira yake yenye mzunguko mkali, nami nikauweka tu upande mwekundu mbele ya mpira. Ukarudi umekufa. Ulivuka wavu polepole, hauna nguvu wala mzunguko aliouzoea, naye akaupiga wavuni. Akarudia, ukarudi vilevile. Nikaanza kurudi nyuma, mbali na meza, mahali ambapo wewe ulikuwa ukinifukuza, na kila alichonipiga nilikikata kutoka chini nikamrudishia. Yeye anatoa jasho na kuguna, mimi natembea kushoto na kulia na moyo umetulia. Sijawahi kutulia hivyo mezani maisha yangu yote. Niliona raha mpaka nikaogopa.

Nilipofika nyumbani Mama alishawatangazia Timbwani nzima kwamba ushindi ule ni wa udi wake. Hakujua alivyokuwa karibu na ukweli. Majirani walileta halua, mimi nikakaa katikati yao nikiwagawia watoto fungu langu. Jumapili sikutulia. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa, nikavuka na kivuko kwenda mjini bila shughuli, nikarudi na kivuko hichohicho. Kilichonisumbua si sheria peke yake, nisijifanye mcha Mungu mbele yako. Nilitaka kujua nani amemshinda Josephine, mimi au moshi.

Basi jana nilikwenda kwa Mwalimu Caroline, anayetufundisha ukumbini, nikamwekea raketi mbele na kumwambia yote. Aliigusa, akatikisa kichwa, akasema ushindi umefutika na mchezo utarudiwa Jumamosi ya wiki ijayo. Niliitikia. Niliposimama kuondoka akaniambia nikae, akaniuliza swali ambalo wewe, kwa miaka yote uliyonifundisha, hukuwahi kuniuliza. Aliniuliza: ninapokuwa na furaha mezani, mpira uko wapi? Nikamjibu bila kufikiri kwamba uko upande wa mwenzangu, naye hajui aufanye nini.

Alicheka sana. Akasema mtu wa namna yangu hakuzaliwa kwa raketi ile, na kwamba viwanda vinatengeneza raba zinazoteleza hivihivi, halali kabisa, kwa watu wa kujihami. Mchezaji ajijue kwanza, ndipo achague ubao, na baada ya ubao achague raba. Sisi tulianza na raba, tukanilazimisha mimi niifuate. Nikakumbuka kwamba raba hizo wewe unazijua. Uliwahi kusema ni za wavivu na wazee, ndiyo maana sikuwahi kuuliza.

Josephine nimemwambia mwenyewe. Alisema angekuwa yeye asingesema ng'o. Mama naye nimemwambia, na huyo ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilidhani atalia kwa kuniharibia. Alinitazama tu, akasema, “Mwanangu, wewe tangu u mtoto hupendi ugomvi. Ni nani alokwambia upige?”

Ni wewe, kaka. Wewe uliyekuwa ukiwapiga vijana wote wa Likoni, ukanisimamisha kwenye meza yetu ya chakula na vitabu vikiwa wavu, ukanifundisha kupiga kama wewe. Na sasa nikuambie ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mchezo wako sikuwahi kuupenda, hata siku moja. Nilikupenda wewe, nikadhani ndiyo kuupenda.

Kwa hiyo nenda dukani kule uliponunua ya kwanza. Waombe ubao wa mbao tupu, mwepesi, usio na kasi. Upande mweusi watie raba ya kawaida yenye sponji nyembamba, nipate kukatia. Upande mwekundu watie ile inayoteleza. Muuzaji atakuuliza kama ni ya mzee. Mwambie ni ya dada yako. Mpe Abdulghani aje nayo.

Ukinitumia tena ya kasi, nitaipokea kwa adabu, nitaiweka kabatini pamoja na mwenzake, na Jumamosi nitaingia na raketi ya klabu iliyomenyeka pembeni. Nitasimama nyuma kabisa, nimrudishie Josephine kila atakachonipiga mpaka achoke yeye au nichoke mimi. Huenda nafasi ikanipita mara ya tatu, na kivuko kinanijua. Lakini kwa mkono wako, kaka, sichezi tena.

Mama anasema uvae sweta humo dukani, kiyoyozi kisikuue. Wasalimie wote unaokaa nao. Mungu akuhifadhi na akulegezee mgongo, na akulegezee moyo pia ukifika mwisho wa karatasi hii.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Afrah