Kibao cha Chapati Kutoka Kakuma

Kakuma,
Jumapili, 16 Machi

Kwako Mama, bibi yake Neema,

Shikamoo. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Nilipoondoka ulikuwa ukishuka shambani kinyumenyume kwa sababu ya mteremko, na kila nikiona kilima huku, navyo ni vichache, nakuona ukishuka hivyo. Natumaini ukungu umepungua na maharagwe hayakuoza. Neema aliniambia jino lake la mbele limeng'oka na wewe ukalirusha juu ya paa. Asante kwa kumfanyia hivyo.

Mimi ni mzima. Nimekuwa mweusi zaidi na nimekonda kidogo, lakini nalala vizuri.

Juzi simu ilikatika palepale ulipouliza, "Sasa unakuja au huji?" Nilikusikia, Mama. Mtandao ulirudi baada ya saa moja na ningeweza kukupigia, ila jibu ni refu na nilitaka ulipate lote. Siji Jumamosi. Sitakuwepo kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu Agnes wetu, mama Neema, atutoke. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unajua kazi yangu ni hizi kaunta nyeupe za jikoni, zinazofanana na jiwe lakini zinakatwa kwa msumeno kama mbao. Zinakuja vipande vipande. Fundi anaunga kipande na kipande kwa gundi ya rangi ileile, anabana, anasubiri ikauke, halafu anapiga msasa kuanzia ule mkali hadi ule laini kabisa. Ikifanywa vizuri mshono hauonekani. Jiko linakuwa na kaunta moja tu, kana kwamba ilimiminwa pale kama uji.

Lodwar tulimaliza salama mwezi uliopita, jiko la nyumba ya mtumishi mmoja wa serikali. Shida ya huku ni joto. Gundi ambayo kule karakana ya Voi inanipa nafasi ya kunywa chai, hapa mchana inashika kabla sijakaza vibano. Kwa hiyo tunaunga alfajiri, na gundi tunailaza kwenye sanduku la barafu la muuza soda. Ninafanya kazi na Bahati, fundi wa makabati, Mkongomani anayeishi kambini hapa Kakuma. Hucheka akisema, "Mukubwa, gundi yako inakunywaka baridi kutupita sisi." Ni mtu mzuri. Jumapili ananipeleka kanisani kwao, wanaimba kwa lugha tatu na ngoma nne, na mimi naimba ile ninayoijua.

Sasa kazi hii ya Kakuma ni ya Mzee Ekuwam, Mturkana mwenye nyumba ya wageni karibu na barabara kuu. Wageni wake wa kwanza wanaingia Jumatatu ijayo, baada tu ya kumbukumbu yetu. Mimi nilipiga hesabu yangu: niunge Jumatano, nipige msasa Alhamisi, Ijumaa nipande basi, nifike kwako Jumapili ya leo nikiwa na siku za kutosha kukusaidia kupasua kuni. Jumatano asubuhi vipande vikachelewa kufika. Vilipofika ilikuwa saa sita mchana.

Bahati aliniambia, "Ngojea asubui. Jua iko kali."

Nikamwambia nina safari.

"Gundi haiyue kama uko na safari," akasema. Lakini alinisaidia kubeba.

Niliunga mchana, Mama. Nilijua sivyo inavyofanywa na nikaunga. Gundi ilishika nikiwa bado nakaza kibano cha tatu. Nilipopiga msasa Alhamisi, mshono ukabaki, mstari mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo, mbele ya sinki. Ukiwa mlangoni huuoni. Mzee Ekuwam alikuja, akasalimia "ejok" kama wanavyosalimiana wote huku, akazunguka mara mbili, akaridhika.

"Fundi, hii kitu imetoka safi. Hiyo mstari kidogo nani ataona? Wageni watakula, hawatalamba kaunta."

Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamweleza pia habari ya Jumamosi, kwa nini nilikimbia. Akasema kwa upole kabisa, "Mwaka moja ya mama ya mtoto. Enda, fundi. Mimi nimekubali kazi. Siwezi kukushika."

Kwa hiyo sikuzuiwa na mtu. Hilo nataka ulijue.

Nilikuwa nafunga mashine kwenye mfuko wakati Achol alipoingia. Huyu ndiye atakayepika pale, mama wa Sudan Kusini, mrefu hadi anainama mlangoni. Alikuja kuona mahali pake pa kazi. Alifumba macho, akageuza mkono, akapitisha mgongo wa mkono juu ya kaunta kutoka ukutani taratibu, mpaka kwenye mshono. Akasimama.

"Hapa inaongea," akasema.

Mama, sijui kama uliwahi kumwona Agnes akifanya hivyo. Nilipoanza kazi hii alikuwa akija karakana ya Voi na chakula changu cha mchana, na kabla ya kufungua sahani anafumba macho na kupitisha mgongo wa mkono juu ya kazi yangu. Alisema kiganja cha mpishi kimekufa kwa sufuria, ila mgongo wa mkono hausahau. Akikuta mkwaruzo hasemi "umeharibu." Ananipa chakula na kutazama pembeni mpaka nimalize kula, na mimi nikimaliza narudi kwenye msasa. Tangu afariki hakuna aliyegusa kazi yangu namna hiyo.

Nikamuuliza Achol kama anaweza kuvumilia mstari ule.

"Naweza," akasema. "Wewe unaenda, mimi nabaki na yeye kila siku. Unga itaingia, maji itaingia, itakuwa nyeusi. Nitafuta, nitafuta. Lakini naweza."

Bahati alikuwa ameegemea kabati lake. Akasema, "Mukubwa, fungua tu ule mufuko. Wote tunaona hauendi."

Nikaufungua. Ijumaa alfajiri tulipasua mshono kwa msumeno, na vipande viko wazi mpaka sasa, vimefunikwa shuka. Gundi ya rangi ile imekwisha huku, inatoka Nairobi kwa basi na itafika Jumatano. Alhamisi kabla jua halijachomoza tutaunga. Ijumaa nitapiga msasa. Jumamosi mtakapokuwa mkiimba nitakuwa hapa nikimalizia kwa msasa laini na maji, na Achol atakuja kupima Jumapili baada ya ibada. Haraka yangu ya kuja kwa Agnes ndiyo iliyonizuia kuja kwa Agnes. Nimeligeuza hilo kichwani siku tatu. Ningekuja na mstari ule nyuma yangu, nadhani pale kaburini ningekuwa kama yule anayekula chakula huku mtu akitazama pembeni.

Najua watu watauliza mkwe yuko wapi. Waambie alikosea kazi na anairekebisha. Usitafute maneno mazuri kuliko hayo. Kwa upande wa familia yangu nimemwomba kaka yangu mkubwa asimame mahali pangu, na Neema asome ile zaburi aliyojifunza, hata kama atasoma kwa mapengo. Mimi nitakuja Pasaka na kukaa wiki mbili, Mzee Ekuwam ameniahidi ruhusa na nauli ninayo.

Sasa huo mfuko ulioambatana na barua hii. Umefungwa kwa shuka yangu ya zamani, usiitupe, nitaihitaji. Ndani kuna kibao cha chapati.

Unapokata tundu la sinki, kipande cha katikati kinabaki. Mafundi wengi wanakitupa au wanakifanyia vibao vya kuuza. Agnes aliniomba nimtengenezee kimoja, kile chake cha mti kilikuwa kimepasuka na unga unaingia kwenye ufa. Nikasema kesho. Akaniomba tena Krismasi ile mliyokuja wote, nikasema kesho. Mara ya tatu hakuniomba, alikuwa ameshalazwa. Nimekata matundu mengi ya sinki tangu hapo na kila mara kipande kikianguka nilikisukuma kwa mguu nisikione.

Hiki ni cha sinki la Achol. Jana nilikaa chini ya kibanda cha Bahati nikakikata mviringo, nikalainisha ukingo usiumize kifundo cha mkono, nikapiga msasa aina zote sita, halafu nikamalizia kwa kitambaa chenye maji. Nilichukua karibu siku nzima, na Bahati akawa anawaambia wapita njia kwamba natengeneza mwezi. Nilikuwa na furaha, Mama. Nakuambia kwa sababu wewe hutanifikiria vibaya. Nilicheka siku nzima, na Agnes alikuwemo katika kicheko hicho.

Jioni Achol alipita, nikampa akishike. Akafumba macho, akapitisha mgongo wa mkono mara moja, akanirudishia.

"Hii imenyamaza," akasema.

Kwa hiyo kimepimwa. Usiweke kitu cha moto juu yake, hakipendi sufuria ya kutoka jikoni. Kikichafuka, sabuni na maji tu. Mtu wa basi atakiacha dukani kwa mjomba wake Neema ifikapo Alhamisi, na najua Ijumaa mtakanda unga wa chapati za wageni.

Nisalimie mjomba huyo, na mwambie nimesikia mbegu za kabichi zimeota. Msalimie shangazi wa kwaya anayeimba sauti ya nne, ile nzito, kuwashinda wanaume, na jirani anayekuchotea maji goti likikusumbua. Mbusu Neema kwenye lile pengo. Mwambie huku ngamia wanapita mbele ya dirisha langu asubuhi na hawasalimii mtu.

Kibao ni cha Agnes, wewe unamshikia. Siku ya Ijumaa, kabla hujanyunyiza unga, fumba macho ukipime kwa mgongo wa mkono. Kisha sukuma chapati ile ya kwanza, na unikumbuke.

Mwanao,
Mwadime, Baba Neema